Mazoezi ya Mwili: Mwendo Unaopotea na Namna ya Kuurudisha

Katika vijiji vingi ambako maji ya bomba yamefika, njia ya zamani ya kwenda kisimani imeota nyasi. Hilo ni jambo la kushukuru. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mama aliyekuwa akiamka kabla ya mapambazuko, akashuka bondeni na kupanda tena na ndoo ya lita 20 kichwani, yaani mzigo wa kilo 20, leo huchota maji jirani na kwake na kubaki na muda wa kazi nyingine. Hakuna mwenye busara anayetamani siku zile zirudi.

Hata hivyo, njia ile ilipoachwa, pamoja na adha yake kuliachwa kitu kingine ambacho hakuna aliyekihesabu, nacho ni mwendo. Kinu na mchi vimepisha mashine ya kusaga. Safari ya kwenda mnadani, iliyokuwa ya saa nzima kwa miguu, sasa ni ya dakika kumi kwa bodaboda. Ujumbe uliokuwa ukipelekwa kwa miguu hadi kitongoji cha pili hutumwa kwa simu mtu akiwa amekaa. Kila badiliko kati ya haya ni nafuu ya kweli. Yakijumlishwa pamoja, yanamwezesha mtu kumaliza siku nzima bila kupata jasho hata mara moja, jambo ambalo wazazi wake hawakulijua.

Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa maisha ya namna hiyo. Makala haya yanaeleza sababu, kiasi cha mwendo kinachohitajika kwa kila umri, na huduma zilizopo katika kata na vijiji kwa ajili ya kumsaidia mwananchi kuurudisha mwendo huo bila kuurudisha mzigo.

Hali ilivyo duniani na nchini

Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango kinachopendekezwa cha kuushughulisha mwili katika mwaka 2022. Tangu mwaka 2010 sehemu hiyo imeongezeka kwa takriban asilimia tano, na mwenendo huo ukiendelea itafikia asilimia 35 ifikapo mwaka 2030. Wanawake wako nyuma zaidi: asilimia 34 kati yao hawafikii kiwango, ikilinganishwa na asilimia 29 ya wanaume.

Ni rahisi kudhani kwamba habari hizi zinahusu mataifa tajiri peke yake. Ni kweli kwamba Mtanzania anayelima kwa jembe la mkono na kutembea kwenda shambani bado anautumia mwili wake kuliko wengi duniani. Lakini dalili za mabadiliko ziko wazi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 1991 na 1992 uliwakuta wanawake wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia wakiwa takriban asilimia 11 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wamefikia asilimia 28. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban tisa kati ya mia moja walikuwa na kiwango kikubwa cha sukari kwenye damu.

Mambo hayo hayakuletwa na upungufu wa mwendo peke yake. Chumvi nyingi, mafuta, vinywaji vyenye sukari, pombe, tumbaku na urithi wa familia vyote vina mchango wake. Lakini upungufu wa mwendo ni sehemu ya chanzo ambayo mtu anaweza kuirekebisha mwenyewe kwa gharama ndogo kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu asiyeushughulisha mwili wake vya kutosha ana hatari ya kufa mapema iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko anayeushughulisha.

Wengi huona suala hili kuwa la mjini. Ni vyema kukumbuka kwamba mji haupo mbali tena. Katika sensa ya mwaka 1967, chini ya Mtanzania mmoja kati ya kumi aliishi mjini. Katika sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, wakazi wa mijini walikuwa wamefikia takriban theluthi moja ya wananchi wote. Hata ndani ya wilaya za vijijini, vituo vya biashara vilivyoota kandokando ya barabara kuu, penye maduka, stendi, vibanda vya huduma za fedha na ofisi, vina watu wanaoishi kwa namna ya mjini ingawa anwani yao ni ya kijiji.

Somo la dereva na kondakta

Uhusiano kati ya kukaa na maradhi ya moyo ulithibitishwa kwa mara ya kwanza katika mabasi ya ghorofa ya jiji la London. Daktari Jeremy Morris na wenzake walilinganisha afya ya madereva na ya makondakta, wakachapisha matokeo yao mwaka 1953. Makundi hayo mawili yalifanana kwa mengi: watu wa tabaka moja, kazi katika basi moja, saa zilezile. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba dereva alikaa siku nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi mara kwa mara ili kukusanya nauli. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na walipopatwa, yaliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na kwa ukali mdogo.

Somo hilo linaeleweka vizuri katika stendi yoyote nchini. Kijana wa bodaboda anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku akiwa amechoka kweli. Lakini uchovu wake ni wa vumbi, jua, mtikisiko na kukaa, nao haufanani na uchovu wa misuli iliyofanya kazi. Vivyo hivyo fundi cherehani, mwenye duka, mwalimu anayesahihisha madaftari hadi jioni, na mtumishi wa ofisi. Wote hawa ni wachapakazi, na wote wanaweza kulala wakiwa hoi bila moyo na misuli yao kupata kazi inayostahili. Kuchoka si kipimo cha mazoezi.

Sababu yake iko katika namna mwili unavyofanya kazi. Msuli unapotumika huchukua sukari kutoka kwenye damu na kuifanya nishati, na kwa saa kadhaa baada ya hapo huendelea kuipokea kwa urahisi zaidi. Moyo unapolazimishwa kusukuma damu kwa kasi mara kwa mara huimarika, na mishipa hubaki laini na yenye kutanuka. Msuli usiotumika huisahau kazi hiyo: sukari hubaki kwenye damu, mishipa hukakamaa, na presha hupanda polepole bila maumivu yoyote. Ndiyo maana watu wengi hugundua kwamba wana shinikizo la juu la damu siku wanapopatwa na kiharusi.

Wahadzabe na swali la unene

Mfano mwingine uko hapahapa Tanzania. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado hupata chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali, wamechunguzwa kwa miaka mingi na wanasayansi, wakiwemo David Raichlen na Herman Pontzer kutoka Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, vifaa vya kupima mapigo ya moyo vilionyesha kwamba watu wazima wa jamii hiyo huushughulisha mwili kwa kiwango cha wastani au kikubwa kwa takriban dakika 135 kila siku, na kwamba dalili za maradhi ya moyo ni haba miongoni mwao hata uzeeni.

Tafiti hizo zilifichua mambo mawili yasiyotarajiwa. La kwanza ni kwamba Wahadzabe nao hupumzika sana, karibu saa kumi kwa siku nje ya usingizi. Lakini sehemu ya mapumziko hayo huwa kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, mikao inayoifanya misuli ya miguu iendelee kufanya kazi kidogo, tofauti na anayeegemea kiti. La pili ni kwamba, pamoja na mwendo wao mwingi, nishati yote inayotumiwa na mwili wa Mhadzabe kwa siku ilikaribiana na ya mkazi wa Marekani au Ulaya mwenye mwili wa ukubwa uleule.

Jambo hili la pili lina maana kubwa kwa mwananchi wa kawaida. Wengi huanza mazoezi ili wapungue, na baada ya mwezi mmoja mizani isiposhuka huyaacha wakiamini kwamba hayana faida. Huko ni kukata tamaa mahali pasipostahili. Uzito hutegemea zaidi kiasi na aina ya chakula. Kazi ya mazoezi ni kuulinda moyo, kuishusha presha, kuisaidia sukari itumike, kuimarisha mifupa, kuleta usingizi na kupunguza msongo wa mawazo. Faida hizo humfikia hata asiyepungua kilo moja. Kadhalika, wembamba si kinga: mtu mwembamba anayekaa siku nzima anaweza kuwa na presha ya juu, na kitambi hakijawahi kuwa ushahidi wa afya, ingawa zamani kilihesabiwa kuwa ushahidi wa neema.

Kiasi kinachotosha

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaelekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Si lazima nusu hiyo iwe ya mfululizo. Mwongozo wa zamani ulihesabu vipande visivyopungua dakika kumi, lakini huu wa sasa unahesabu kila mwendo, hata ukiwa mfupi.

Mwendo wa wastani hupimika bila kifaa. Mtu anayetembea kwa kasi inayofaa anaweza kuzungumza na mwenzake, lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa hata kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, huo ni mwendo wa nguvu, na anayeanza ni heri apunguze. Kwa aliye na uwanja wa mpira karibu, hesabu ni nyepesi: kuzunguka uwanja wa kawaida mara moja ni takriban mita 350, hivyo mizunguko mitatu inakaribia kilomita moja. Mizunguko saba kwa mwendo wa haraka huchukua kiasi cha nusu saa.

Kuimarisha misuli hakuhitaji ukumbi wa vyuma. Kuinuka kitini na kukaa tena bila kushika popote, mara kumi hadi kumi na tano. Kusimama mbele ya ukuta na kujisukuma kwa mikono. Kuinua ndoo yenye maji kiasi kwa mikono miwili. Kuchuchumaa na kusimama: hayo yanatosha kuanzia, nayo hufanyika uani.

Mkulima anayepalilia kwa jembe saa tatu asubuhi amekwisha kukipita kiwango hiki, na hana sababu ya kukimbia jioni. Anachohitaji ni mapumziko, maji ya kunywa na uangalizi wa mgongo wake. Asisahau mambo mawili. Kilimo kina msimu, na baada ya mavuno kuna miezi ambayo mwendo wake hupungua ilhali chakula ni kingi. Tena, kazi ya shamba haimwondolei mtu hatari ya presha iwapo chumvi ni nyingi mezani kwake au iwapo maradhi hayo yamo katika ukoo. Mkulima naye anapaswa kupimwa.

Watoto, wanawake na wazee

Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za mwendo wa wastani au wa nguvu kila siku. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiasi hicho. Mtoto anayetembea kwenda shule na kucheza rede, kuruka kamba, kombolela au chandimu jioni hupata dakika zake bila kuambiwa. Mtoto anayepelekwa kwa bodaboda, akaketi darasani hadi jioni, kisha masomo ya ziada, kisha televisheni, hazipati. Wazazi wengi kwa nia njema huuona mchezo kuwa adui wa masomo, ingawa mtoto aliyecheza hulala vizuri na kutulia darasani. Mchakamchaka wa asubuhi, ambao vizazi vya Watanzania vimekulia ndani yake shuleni na katika Jeshi la Kujenga Taifa tangu lilipoanzishwa mwaka 1963, haukuwa wa kupoteza muda. Samaki hukunjwa angali mbichi, na tabia ya mwendo hujengwa utotoni.

Wanawake wana vikwazo vyao. Kazi za nyumbani huwachukulia muda ambao wanaume wanao jioni. Mwanamke anayekimbia peke yake barabarani huulizwa anakimbilia wapi, na giza linapoingia ana haki ya kuhofia usalama wake. Jawabu lililofanikiwa katika maeneo mengi ni kundi. Wanakikundi cha kuweka na kukopa wanaokutana kila wiki wanaweza kutembea pamoja nusu saa kabla ya kikao, katika mavazi yao ya heshima, bila kumwomba mtu uwanja. Ngoma nayo ni mazoezi kamili: wachezaji wake hupumua kwa kasi kuliko watembeaji wengi. Mama mjamzito asiye na tatizo lililotajwa na mhudumu wa kliniki anashauriwa naye afikie dakika 150 kwa wiki, kwa kutembea na kazi nyepesi, akiepuka mizigo mizito na hatari ya kuanguka.

Kwa mzee wa miaka 65 na zaidi, mwongozo unaongeza mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Lengo lake ni kuzuia kuanguka, kwa kuwa mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo mara nyingi humfunga mtu kitandani. Kusimama kwa mguu mmoja huku akishika kiti, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, na kuinuka kitini bila msaada ni mazoezi yanayomfaa. Familia inayomzuia babu au bibi kufanya kazi yoyote kwa kisingizio cha heshima humnyang'anya miguu bila kukusudia. Mtu mwenye ulemavu naye anastahili mwendo kwa kadiri ya viungo vyake, na mpango wa mazoezi ya kijiji usiompa nafasi haujakamilika.

Uwanja ni mali ya nani

Ushauri wote huu huanguka iwapo hakuna pa kutembelea wala pa kuchezea. Katika vituo vya biashara vinavyokua kwa kasi, ardhi ya kwanza kumezwa ni uwanja wa mpira. Huanza kibanda kimoja pembeni, kikafuata cha pili, kisha njia ya magari ikakatiza katikati, na watoto wakahamia barabarani. Aliyekiona kibanda cha kwanza alinyamaza kwa sababu kilikuwa kidogo. Uwanja uliopotea hivyo haurudi kwa urahisi, kwa kuwa kuurudisha ni kubomoa mali ya watu.

Sheria imewapa wananchi nguvu ya kuuhifadhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo hupaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Ndani yake mwananchi yeyote anaweza kuuliza: uwanja wetu umeandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji? Mipaka yake imepimwa? Imepandwa miti au kuwekewa alama? Uwanja ulioandikwa na wenye mipaka inayoonekana ni mgumu kuuzwa kwa siri. Katika maeneo yaliyopangwa kama mji mdogo, ramani ya mipangomiji huonyesha maeneo ya wazi, nayo inaweza kuulizwa katika idara ya ardhi ya halmashauri ya wilaya.

Barabara ni sehemu ya suala hilohilo. Kwa wananchi wengi barabara ndiyo uwanja wao, na anayetembea kandokando ya magari bila njia ya miguu huhatarisha maisha ili kulinda afya. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Ombi la njia ya miguu, kivuko karibu na shule au matuta ya kupunguza kasi huibuliwa katika mkutano wa kijiji, hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, na kutoka hapo hufika katika vikao vya halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi linaloletwa mwezi Juni limekwisha kuchelewa, na hivyo ni vyema hoja hizo zitolewe mapema na kuandikwa katika muhtasari wa kikao.

Huduma zinazopatikana

Hatua ya kwanza kwa kila mtu mzima ni kupima presha katika zahanati au kituo cha afya, hata kama hajisikii vibaya. Kipimo huchukua dakika chache. Kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, mhudumu ataeleza hatua zinazofuata. Anayetumia dawa za presha au kisukari asiziache kwa sababu ameanza mazoezi na kujisikia vizuri. Kupunguza dawa ni uamuzi wa mtaalamu. Mwenye kisukari akague miguu yake kila baada ya kutembea, avae viatu visivyombana, na abebe kitu kitamu iwapo sukari itashuka. Yeyote anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida asimame mara moja na kwenda kituoni.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita katika vitongoji hutoa ushauri na kuwaelekeza wananchi mahali pa kupimwa. Afisa maendeleo ya jamii huwasaidia wanaotaka kuunda vikundi, na afisa michezo wa wilaya hushughulikia michezo ya jamii pamoja na maandalizi ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Kikundi kinachotaka kuutumia uwanja wa shule baada ya masomo kinapaswa kuzungumza na mwalimu mkuu na kamati ya shule, kikubaliane kuhusu saa, usafi na usalama wa mali.

Ipo pia siku iliyokwisha kutengwa. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya wananchi kufanya mazoezi pamoja. Siku moja kwa mwezi haitoshi kwa afya ya mtu, lakini inatosha kuwakutanisha majirani na kuwapa ahadi ya siku nyingine za wiki. Kijiji kinaweza kuitumia kwa matembezi ya pamoja kuanzia ofisi ya kijiji hadi zahanati, na wahudumu wakaombwa kupima presha za watakaofika.

Asiyejua pa kuanzia aanze kwa wiki moja. Siku ya kwanza ateremke kwenye bodaboda umbali wa dakika kumi kabla ya kufika nyumbani, amalize kwa miguu. Siku ya pili afanye hivyo asubuhi na jioni. Mwenye duka asimame kila baada ya nusu saa na kuzunguka jengo. Mwalimu atembee uwanjani wakati wa mapumziko. Dereva wa bodaboda, akiwa anasubiri abiria kijiweni, ashuke kwenye pikipiki na kunyoosha mgongo na miguu. Wiki ya pili aongeze dakika tano, na ya tatu aongeze tano nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili uliokaa miaka kumi haupaswi kudaiwa yote kwa siku moja.

Njia ya kwenda kisimani haitafunguliwa tena, wala haihitajiki. Kinachohitajika ni njia nyingine, yenye kivuli na usalama, inayotembewa kwa hiari bila ndoo kichwani. Njia hiyo huanza mlangoni kwa kila mtu, na upana wake zaidi ya hapo huamuliwa katika mkutano wa kijiji.